Kalibu Isiyovuliwa: Maneno Juu ya Dari na Mapaa ya Zege



Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kiko juu ya vichwa vyetu sote, nacho ni dari na paa. Mtu akijenga nyumba, mara nyingi fikira zake zote huwa katika msingi na kuta. Huuliza bei ya matofali, hupima upana wa vyumba, huchagua mlango wa mbele. Habari ya kile kitakachomfunika huiacha mpaka mwisho, wakati fedha zimekwisha na mvua zimekaribia. Ndipo hununua mabati, akayapigilia misumari, akahamia. Kisha hukaa humo miaka mingi, na kila mchana wa jua kali hutoka nje kukaa chini ya mwembe, kwa sababu nyumba aliyoijenga kwa jasho lake haikaliki.

Sisi tufundishao katika chuo cha walimu twalijua jambo hili kwa ngozi zetu wenyewe. Ifikapo saa nane mchana, chini ya bati lisilo na dari, wanafunzi husinzia na mwalimu husema peke yake. Bati lililopigwa na jua kwa saa nyingi huweza kupata joto la digrii 60 na kupita, na joto hilo humshukia aliye chini yake kama moto wa jiko. Basi si ajabu kwamba watu wenye uwezo hutamani dari ya zege. Lakini zege nayo ina tabia zake, na asiyezijua huweza kutoka katika taabu moja akaingia katika nyingine.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na dari nzito zamani sana. Mtu akienda Lamu, au akizuru magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ataona kazi ya mafundi waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Juu ya kuta walilaza boriti za mikoko, juu ya boriti wakapanga mawe, na juu ya mawe wakamwaga kokoto zilizochanganywa na chokaa, wakazishindilia mpaka zikawa kitu kimoja. Dari ile ilikuwa nene, na jua la mchana lilikawia kupenya. Huko Lamu wengine waliongeza paa la makuti juu ya dari, likakaa kama mwavuli, dari ikawa kivulini.

Lakini ujenzi ule ulikuwa na mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ulikuwa urefu wa boriti. Mti wa mkoko haubebi mzigo mkubwa ukivuka nafasi pana, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida ukiwa chini ya mita 3. Mpaka wa pili ulikuwa uzito. Dari nene yataka kuta nene, na kuta nene zataka mawe mengi na watu wengi wa kuyabeba. Mkumbuke maneno haya mawili, upana na uzito, kwa maana yote tutakayoyasema yatarudi hapo.

Ilipokuja saruji ya kiwandani, mambo yalibadilika. Saruji ya namna tunayoitumia sasa ilipewa hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1824, mwenyewe akiwa Joseph Aspdin. Mwaka 1867 mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, jina lake Joseph Monier, alipata hati kwa vyungu vyake vya miche vilivyofanywa kwa saruji yenye nyuzi za chuma ndani yake. Kutoka katika chungu cha miche yalitoka mambo makubwa, maana watu walitambua kwamba chuma na zege vikiunganishwa hufanya kazi ambayo hakuna kimoja kati yake kiwezacho kuifanya peke yake.

Enyi wanafunzi, mwaweza kulithibitisha jambo hili kwa kipande cha chaki. Kisimamisheni juu ya meza, mkikandamize kwa kidole kutoka juu. Hakivunjiki upesi. Sasa kishikeni ncha mbili, mkikunje kidogo. Kitakatika mara moja, na ufa utaanza upande ule unaovutwa. Zege ni ndugu ya chaki kwa tabia hii. Hustahimili sana kubanwa, lakini nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya ile ya kubanwa. Dari iliyolazwa baina ya kuta mbili hujikunja kidogo kwa uzito wake na wa watu walio juu yake, hata kama jicho haliwezi kuona. Upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa. Kwa hiyo nondo huwekwa chini, pale penye kuvutwa. Lakini penye baraza iliyotokeza nje ya ukuta bila nguzo, mambo hugeuka: upande wa juu ndio uvutwao, na nondo zenye kazi hukaa juu. Fundi asiyejua tofauti hii huweza kutumia chuma kingi na bado baraza ikaanguka.

Tena chuma na zege hutanuka karibu sawa vikipata joto, navyo hunywea karibu sawa vikipoa. Kama isingekuwa hivyo, jua la siku chache lingevitenganisha.

Sasa tufike kwenye kalibu. Zege ikiwa mbichi ni kama uji, haina umbo lake yenyewe. Hutaka chombo cha kuishika mpaka ikauke na kuwa jiwe, kama vile udongo wa matofali unavyotaka kalibu yake. Kwa dari, desturi ni kutengeneza sakafu ya mbao chini ya mahali zege itakapokaa, na kuiegemeza sakafu hiyo kwa mirunda mingi. Zege ikishakomaa, mbao huvuliwa na mirunda hutolewa. Kazi hii hula fedha na miti. Mbao zilizopindika hutupwa, na mirunda yatoka katika misitu na mashamba yetu.

Katika nchi za baridi watu waliuliza swali jingine: kwa nini tuvue kalibu? Je, haiwezekani kalibu ikabaki pale pale milele, nayo ikawa na kazi yake? Huko Uswisi walijaribu matofali yenye uwazi yaliyofanywa kwa vipande vya mti vilivyochanganywa na saruji, zege ikimwagwa ndani yake. Kisha huko Ujerumani, karibu na mwaka 1950, wanakemia wa kampuni ya BASF walipata njia ya kuumua chembe ndogo za plastiki kwa mvuke mpaka zikawa povu gumu jeupe. Ninyi nyote mmeliona povu hilo. Ndilo linalozunguka redio mpya ndani ya sanduku lake, na ndilo linalofanyiwa masanduku ya kuhifadhia samaki na barafu. Katika kila sehemu 100 za povu hilo, karibu 98 ni hewa tu.

Mwaka 1966 mkandarasi mmoja wa Kanada, Werner Gregori, aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kalibu za povu. Zilikuwa kama matofali makubwa mepesi, yenye uwazi katikati, yanayoshikana kwa meno. Mjenzi aliyapanga, akaweka nondo, akamwaga zege ndani, wala hakuvua kitu. Kalibu ikabaki kuwa blanketi la ukuta. Kanada ni nchi yenye baridi kali, na mtu wa huko hulipa fedha nyingi kila mwaka kwa moto wa kupasha nyumba yake joto. Kwake yeye blanketi hilo lilikuwa akiba.

Kwanza kalibu hizi zilitumiwa kwa kuta. Baadaye watengenezaji wakafanya kalibu za sakafu za ghorofa na za mapaa, na hizi ndizo tunazotaka kuzieleza. Mfikirie mbao ndefu ya povu, upana wake kama sentimita 60, iliyochongwa hata ikaacha mfereji kando yake. Ndani ya povu huwa na vipande virefu vya chuma chembamba, ambavyo huipa kalibu nguvu ya kubeba watu wakati wa kazi. Kalibu hizo hulazwa kutoka ukuta mmoja hata mwingine, moja kando ya mwenzake, na chini yake huwekwa mihimili na mirunda, lakini michache kuliko ile itakiwayo na sakafu ya mbao. Ndani ya kila mfereji hulazwa nondo. Juu ya kalibu zote hutandazwa wavu wa chuma. Kisha zege humwagwa, ikajaza mifereji na kufunika yote kwa tabaka jembamba. Ikikauka, mifereji imekuwa boriti za zege, na tabaka la juu limekuwa sakafu. Vyote viwili ni kitu kimoja, kama mbavu zilizoshikana na kifua. Kwa nondo zilizopigiwa hesabu na mhandisi, dari ya namna hii huweza kuvuka nafasi ya mita 9 bila nguzo katikati. Linganisheni na vyumba vya mikoko vya wazee wetu.

Tuipigie hesabu, maana neno bila hesabu ni kama mizani bila mawe. Tuchukue chumba chenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, yaani eneo la mita za mraba 20. Dari ya zege tupu yenye unene wa sentimita 15 itataka zege mita za ujazo 3. Sasa tuchukue kalibu za povu, tabaka la juu likiwa sentimita 6, na mbavu zenye upana wa sentimita 14 na kina cha sentimita 18, zikipishana kwa sentimita 60. Wanafunzi wakikokotoa wataona kwamba zege yote ni mita za ujazo 2 na kidogo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Kwa hiyo kuta na msingi wa chumba kile kimoja zimepunguziwa mzigo wa zaidi ya tani 2. Na kama mchanganyiko ni sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, kila mita ya ujazo hula mifuko 6 na nusu hivi ya kilo 50. Zege tupu ingekula mifuko 19 au 20. Dari ya mbavu hula mifuko 13 au 14. Vipimo hivi ni mfano wa darasani tu. Vipimo vya nyumba ya kweli ni kazi ya mhandisi, kwa kadiri ya mzigo na nafasi.

Mtu ataweza kusema: Hayo ni mambo ya Kanada, watu wa theluji, sisi tuna jua, blanketi la nini? Twajibu kwamba blanketi halijui baridi wala joto. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite, ama likitoka ndani kwenda nje, ama likitoka nje kuja ndani. Sanduku la povu la muuza samaki halipashi moto kitu chochote. Huzuia joto la barabarani lisiifikie barafu. Sentimita 5 za povu hukinga joto zaidi ya zege yenye unene wa mita 1 nzima. Hapo mtaona kwamba zege, pamoja na nguvu zake zote, ni mlinzi dhaifu wa joto.

Wale waliojenga nyumba za dari tupu za zege walijua hayo baada ya kuhamia. Mchana chumba huwa na nafuu, maana zege nzito hukawia kupata moto. Lakini mchana kutwa hunywa jua, na usiku, watoto walipokwisha kulala, huanza kulitapika. Saa nne ya usiku mtu akigusa dari kwa mkono huiona ina joto kama ukuta wa tanuru la mkate. Watoto hubiringika, mama hufungua madirisha, mbu huingia. Povu likiwa chini ya zege hiyo, joto lile lililohifadhiwa hukutana na kizuizi kabla ya kuwafikia waliolala.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya kwa kusifu upande mmoja. Katika kalibu hizi povu hukaa chini, na zege hukaa juu, wazi kwa jua. Chumba kimekingwa, lakini zege yenyewe haikukingwa. Kila siku itatanuka, kila usiku itanywea, na penye kuta huweza kufanya nyufa. Kwa hiyo katika nchi zetu paa la namna hii latafuta kivuli au rangi nyeupe juu yake, au tabaka jingine la kukinga juu ya zege. Mzee wa Lamu aliyeweka makuti juu ya dari yake hakuwa mjinga. Tena paa bapa ni lazima liwe na mteremko, angalau sentimita 2 kwa kila mita 1, na njia pana za kutolea maji, na kitu cha kuzuia maji yasipenye. Maji yaliyotuama juu ya dari hutafuta nondo, na nondo ikipata kutu huvimba, ikaipasua zege kutoka ndani.

Kuna hatari nyingine tatu ambazo kila mwenye nyumba imempasa kuzijua kabla ya kutoa fedha zake.

Ya kwanza ni moto. Povu hili ni plastiki. Likipata joto la digrii 100 na kitu huanza kulegea, na likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu. Hutengenezwa kwa dawa ya kupunguza kuwaka, lakini dawa hiyo haitoshi. Katika Marekani na Kanada sheria za ujenzi haziruhusu povu liachwe wazi ndani ya chumba cha kukaa. Ni lazima lifunikwe kwa bamba la jasi au kitu kingine kiwezacho kuzuia moto kwa muda. Basi mtu asikae chini ya povu tupu eti atalifunika mwakani, na zaidi sana jikoni penye kuni na mkaa.

Ya pili ni mchwa. Mchwa hawali povu, lakini hulitoboa na kupita ndani yake wasionekane, wakitafuta milango na makabati. Katika sehemu za kusini za Marekani zenye mchwa wengi, sheria zilikataza povu kugusa ardhi. Sisi tuwajuao mchwa tangu utoto hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Kadhalika petroli na dawa za kuyeyushia rangi huliyeyusha povu kama maji yanavyoyeyusha sukari, kwa hiyo visikaribishwe.

Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo hutoka katika ile sifa yenyewe ya kalibu, kwamba haivuliwi. Mafundi wakivua mbao chini ya dari, wote walio chini huinua macho. Kama zege haikushindiliwa vizuri, matobo huonekana. Kama nondo ilishuka ikagusa mbao, chuma huonekana. Makosa hutangazwa mchana, na fundi hupata aibu, lakini pia hupata nafasi ya kutengeneza. Katika kalibu ya povu hakuna siku ya kuinua macho. Yaliyofunikwa yamefunikwa. Zege ikiwa kavu mno haitateremka mpaka chini ya mfereji, na hakuna atakayejua. Ikitiwa maji mengi ili iteremke kwa urahisi, itakuwa dhaifu, na hakuna atakayejua. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na dari ikiumbua, humuumbua asiye na hatia aliyelala chini yake.

Hapa twataka kukiri jambo ambalo hatupendi kulikumbuka. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja tuliokuwa tukikaa, jirani yetu alijenga nyumba yenye dari ya zege ya kawaida, kwa mbao na mirunda. Mirunda ile ilikodiwa kwa siku, na kila siku ilikuwa na bei yake. Siku ya tano baada ya kumwaga zege, mirunda ya chumba cha nyuma iliondolewa ipelekwe kazi nyingine. Sisi walimu wawili tulipita njiani tukitoka shuleni. Tuliona chumba kimekuwa cheupe, hakina miti. Tulitazamana. Tulijua kwamba si sawa, kwa maana tulikuwa tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba zege hupata nguvu zake polepole, na kwamba nguvu inayotarajiwa hupimwa siku ya 28. Lakini tuliona haya kumfundisha mtu kazi katika kiwanja chake, mbele ya mafundi wake. Tulisema, wao ndio wajuao. Tukapita.

Usiku ule ule dari ilishuka. Mwenye nyumba na jamaa zake walikuwa bado hawajahamia, lakini kijana mmoja aliyekuwa akilinda saruji alikuwa amelala mlangoni mwa chumba kile. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Alipona, illa hakutembea tena kama zamani. Kila alipopita mbele ya nyumba yetu alituamkia kwa heshima, akituita walimu, na hakujua kwamba tuliona.

Twaleta habari hii kwa sababu wepesi wa povu huwashawishi watu kufanya kosa lile lile. Mtu hushika kalibu kwa mkono mmoja, akaona nyepesi kama unyoya, akasema, hii haihitaji mirunda. Kalibu ni nyepesi, lakini zege iliyo juu yake si nyepesi. Kabla haijakomaa, povu na chuma chake chembamba ndivyo vinavyobeba tani zote zile pamoja na mafundi na toroli zao.

Basi yafuateni haya. Mirunda iwekwe mahali palipoagizwa, juu ya ubao mpana usiozama katika udongo, na isimamishwe kwa timazi. Kabla ya kumwaga, mwenye nyumba na mhandisi wapande pamoja, wahesabu nondo katika kila mfereji na kuona kwamba zimeinuliwa kwa vipande vidogo vya saruji, zisigusane na povu. Hiyo ndiyo siku yenu ya kuinua macho, maana nyingine haitakuja. Zege imwagwe kidogo kidogo, isirundikwe mahali pamoja, ishindiliwe mpaka chini ya mifereji, wala isiongezwe maji ili kuwapendeza wanaoisukuma. Iliyochanganywa itumike kabla ya saa moja na nusu kupita, na jua likiwa kali, mapema zaidi. Baadaye sakafu ifunikwe kwa magunia na inyweshwe maji asubuhi na jioni, siku 7 kamili au zaidi. Na mirunda isiguswe mpaka mhandisi aseme. Kwa nafasi pana siku hizo huweza kuwa 21, au hata 28. Fedha ya kukodi mirunda kwa wiki moja zaidi ni ndogo kuliko fedha ya mguu mmoja.

Tena msidhani kwamba kalibu hizi zapatikana katika kila duka. Huko Kenya Shirika la Taifa la Nyumba lilijenga kiwanda cha mabamba ya povu yenye nyavu za chuma pale Mavoko, nayo ni ndugu wa kalibu hizi ingawa si zile zile. Mahali pengi mafundi huweka matofali yenye uwazi baina ya mbavu za zege, badala ya povu. Nayo hupunguza uzito kwa kanuni ile ile, ingawa haizuii joto kwa kadiri ya povu. Pigeni hesabu ya bei pamoja na usafiri, maana povu ni jepesi lakini hula nafasi kubwa katika gari.

Na yule asiye na uwezo wa zege asihuzunike, kwa kuwa kanuni tulizoeleza ni zake pia. Aweke dari ya mbao, ya jamvi au ya kitu kingine chini ya bati lake, aache nafasi ya hewa baina yake, na matundu pande mbili ili hewa ya moto ipate kutoka. Apake bati rangi nyeupe. Apande mti upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga. Hayo hayamtaki mhandisi, na watoto wake watalala.

Ndugu wasikilizaji, kuta humwonyesha mpita njia mali ya mwenye nyumba, lakini dari huonyesha uaminifu wake, maana dari ni ahadi kwa kila atakayelala chini yake. Kalibu isiyovuliwa hutufundisha kwamba kazi nyingine hazina ukaguzi wa baadaye, na wema wake wote hutiwa siku ile ile ya kazi. Nanyi mkipita penye kiwanja mkaona mirunda imetolewa kabla ya wakati, msione haya kama tulivyoona sisi. Ingieni, mwamkieni mwenye nyumba kwa adabu, mmwambie. Huenda akakasirika. Mwacheni akasirike, lakini mmwambie.